Kuchunguza kwa kamera ukiwa na mlezi: mwongozo kwa mwanafunzi wa habari Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliye fildi, au aliyemaliza stashahada karibuni, ambaye amepata mlezi wa kumfundisha habari za uchunguzi za televisheni. Mfano tutakaotembea nao ni lalamiko ambalo mwandishi yeyote wa kusini atakutana nalo msimu wa korosho: mkulima anasema kilo alizopima AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ni nyingi kuliko kilo alizolipwa. Lina nyaraka nyingi na lina picha. Lina mtego pia: sehemu ya kilo zinazopotea hupotea kihalali kabisa, na mwandishi asiyelijua hilo atamchafua karani asiye na kosa mbele ya watoto wake.

Katika kazi hii mlezi ana jukumu moja lililo juu ya mengine yote, nalo ni kuibomoa habari yako kabla mwanasheria wa unayemtuhumu hajaibomoa. Ukiona wiki tatu zimepita mlezi anakusifia tu, mwombe waziwazi abadili kazi: "Naomba unioneshe pale inapovunjika."

1. Kabla ya kamera, karatasi moja

Kaeni na mlezi muandike mambo matano kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja abaki na nakala: picha ghafi ni mali ya nani, nani ana kauli ya mwisho ya kusitisha safari ikiwa hatari imezidi, nani analipa nauli, mafuta na chakula, jina la nani litasomwa kwenye kipindi, na mtawasilianaje. Mambo haya yanaonekana madogo siku ya kwanza. Yanakuwa makubwa siku kituo kinapotaka picha zenye sura ya mtu uliyemwahidi kumficha.

Suala la mafuta limeua habari nyingi. Ukipanda gari la chama cha ushirika kwenda kuchunguza chama hicho hicho, habari imekufa njiani, hata kama kila ulichokipata ni kweli. Bahasha ya "nauli" baada ya mahojiano hivyo hivyo. Rudisha palepale, kwa heshima, mbele ya mtu wa pili, kisha andika tarehe na saa kwenye daftari.

Walezi wengi wako Dar es Salaam, na mafunzo yatakwenda kwa simu. Weka saa moja kila wiki isiyobadilika, na siku moja kabla mtumie ukurasa mmoja wenye sehemu nne: nilichothibitisha na kwa ushahidi gani, ninachoamini lakini sijakithibitisha, nitakaokutana nao wiki hii, kinachoweza kuharibika. Usiandike majina ya vyanzo kwenye WhatsApp, wala usiyataje kwenye ujumbe wa sauti. Tumia alama: Mkulima A, Karani 1, Dereva 2. Funguo ya alama hizo iwe kwenye karatasi moja inayokaa mbali na begi la kamera, kwa sababu begi ndilo la kwanza kupekuliwa.

Uwe na barua ya utambulisho ya chuo na ya kituo. Aliyekwishahitimu na mwenye sifa aombe kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Beba nakala sita za barua. Kila ofisi utakayoingia itataka kubaki na yake.

2. Geuza lalamiko liwe dai linalopimika

"Wakulima wanaibiwa" halipimiki. Andika hivi: "Katika AMCOS fulani, msimu fulani, kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi za wakulima zinazidi kilo walizolipwa, na tofauti hiyo haielezwi na unyaufu, daraja wala makato." Unyaufu ni uzito unaopungua korosho zinapokauka. Kila kipande cha sentensi hiyo kina mahali pa kukipima, na kikivunjika kimoja, unajua ni kipi.

Halafu orodhesha maelezo mengine yote yanayoweza kuleta tofauti hiyo bila mtu kuiba. Mizani mbovu. Korosho zilizopelekwa zikiwa mbichi. Mzigo ulioshushwa kutoka daraja la kwanza hadi la pili, bei ikapungua, mkulima akadhani ni kilo. Makato yaliyotajwa kwenye mjengeko wa bei, yaani mchanganuo wa bei na makato yake, lakini hayakuelezwa mkutanoni. Karani aliyekosea kuhamisha tarakimu kutoka kitabu kimoja kwenda kingine. Kilo za kangomba, yaani korosho zilizonunuliwa kinyemela kwa bei ya chini na kuingizwa ghalani kwa jina la mkulima mwingine, jambo linalovuruga hesabu upande wa pili, kwa kuwa mtu asiye na shamba anaonekana amevuna.

Wanafunzi wengi huruka hatua hii kwa sababu wamekwishamwamini mkulima aliyelia mbele yao. Huruma ni haki ya mkulima, lakini kwenye daftari lako la kazi sauti ile ni chanzo kimoja. Mlezi mzuri atakuambia uandike hoja ya upande wa AMCOS kwa nguvu zako zote, nusu ukurasa, kana kwamba wewe ni katibu wao.

3. Fuata gunia, si hasira

Chora safari ya korosho kutoka shambani hadi benki, na kila kituo andika karatasi inayozaliwa hapo.

Mkulima anaokota, anaanika, anachambua, anapeleka AMCOS. Karani anapima na kutoa stakabadhi yenye tarehe, jina, kilo na daraja: hiyo ni karatasi ya kwanza, na nakala yake inabaki kwenye kitabu cha chama. Korosho zinajazwa kwenye magunia ya juti ya takriban kilo 80, zinapakiwa kwenye lori na hati ya kusafirishia: karatasi ya pili. Ghala kuu linapima upya na kukagua ubora, linatoa stakabadhi ya ghala: ya tatu. Chama kikuu kinakusanya mizigo na kuipeleka mnadani: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani ya Lindi. Matokeo ya mnada ni karatasi ya nne. Malipo yanayoingia kwenye akaunti ya mkulima ni ya tano.

Mfumo wa stakabadhi ghalani unatokana na sheria ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/2008. Kila msimu Bodi ya Korosho, yenye makao yake Mtwara, hutoa mwongozo wa masoko na mauzo ya korosho ghafi. Tafuta wa msimu unaouchunguza na uusome wote kabla ya kumhoji mtu yeyote. Mwandishi anayelaumu kato lililoruhusiwa na mwongozo anaaibika kwa swali moja.

Sasa unyaufu. Korosho zikikaa zinapoteza maji, na uzito unashuka bila mkono wa mtu. Hesabu yake ni hii. Chukua kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 12. Maji ni kilo 120, kitu kikavu ni kilo 880. Zikikauka hadi asilimia 9, kile kitu kikavu cha kilo 880 sasa ni asilimia 91 ya uzito mpya. Gawa 880 kwa 0.91: unapata kilo 967. Kilo 33 zimekwenda hewani. Kwa hiyo AMCOS iliyopokea kilo 1,000 na kufikisha 967 ghala kuu inaweza kuwa safi kabisa. Iliyofikisha 900 ina maelezo ya kutoa. Na iliyofikisha 1,000 kamili baada ya wiki tatu za jua ina swali gumu zaidi: zile kilo 33 zilizojaziwa zilitoka kwa nani? Ujazilizi huo mara nyingi hutafutwa mwanzoni, kwenye mizani, kwa kumkata kila mkulima kidogo kidogo.

Ndiyo maana unyevu lazima uupate kwa namba. Uliza kama AMCOS ina kipima unyevu, kama kinatumika, na kama matokeo yanaandikwa. Kwa maelezo ya kitaalamu mbele ya kamera, nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambako korosho ni kazi yao ya miaka mingi. Mtaalamu asielezwe ni chama gani unachokichunguza. Muulize kuhusu korosho na maji tu.

Mizani nayo ina namna yake. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani ya biashara na kuiwekea alama. Piga picha ya alama hiyo kwa karibu, tarehe isomeke. Ukitaka kuipima mwenyewe, lita moja ya maji safi ni kilo moja, lakini usiamini dumu lililoandikwa lita 20, kwa sababu likijazwa hadi shingoni huchukua zaidi na dumu lenyewe lina uzito wake. Lipime kwanza kwenye mizani iliyohakikiwa, lifunge, liwekee alama ya rangi kwenye mfuniko, kisha lipeleke. Omba ruhusa ya karani, pima mara tano mfululizo, rekodi bila kukata kamera, dumu na kioo cha mizani vikiwa kwenye fremu moja. Ukikata katikati, picha haithibitishi kitu.

Nusu kilo inaonekana haina maana. Mkulima wa kilo 600 anayepima kwa mafungu ya kilo 50 anapanda mizani mara 12, anapoteza kilo 6. Kijiji chenye wakulima 400 wa namna hiyo kinapoteza kilo 2,400, yaani magunia 30 ya juti. Uliza pia ni kiasi gani kinakatwa kama uzito wa chombo: gunia la juti lina takriban kilo moja, kiroba cha plastiki ni chepesi zaidi, na ukikuta vyote vinakatwa sawasawa umepata kitu cha kufuatilia.

4. Karatasi

Kusanya stakabadhi zisizopungua 30 kutoka AMCOS moja, msimu mmoja, vitongoji tofauti. Usichukue za wanaolalamika peke yao. Nenda nyumba kwa nyumba, upate pia za walioridhika, la sivyo umepima hasira ya kundi moja. Piga picha mbele na nyuma, karatasi imelala mezani, kamera juu yake wima, mwanga wa dirishani kutoka ubavuni. Rudisha karatasi halisi palepale. Mkulima asikuachie stakabadhi yake hata akikubembeleza, kwa kuwa ndiyo fedha yake.

Ingiza kwenye jedwali: alama ya mkulima, tarehe, kilo za stakabadhi, daraja, kilo zilizolipwa, bei ya mnada, makato kwa kilo, fedha iliyoingia, tofauti. Kosa la kawaida ni kuchanganya minada. Mkulima amepima mara tatu, mizigo imeuzwa minada mitatu kwa bei tatu, yeye anakumbuka ile ya juu. Linganisha mzigo kwa mzigo.

Hesabu za chama hukaguliwa na COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na taarifa za ukaguzi husomwa kwenye mkutano mkuu. Njia fupi ya kuipata ni mwanachama mwenyewe, ambaye anayo haki kuliko wewe. Kwa upande wa halmashauri na ushuru wa mazao, soma ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi na kufika bungeni baada ya hapo. Ripoti ya mamlaka za serikali za mitaa ni kitabu chake. Mmiliki wa kampuni ya usafirishaji au ya ghala utamtafuta BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa kulipia utafutaji kwenye mtandao wao. Jina la mke au shemeji wa kiongozi likitokea pale, usipige kelele. Tafuta uthibitisho wa pili kwamba ni mtu yule yule, maana majina yanajirudia sana kusini.

Kwa nyaraka za taasisi ya umma, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ni haki ya raia, na mwenye taarifa ana siku zisizozidi 30 kujibu. Taja nyaraka yenyewe kwa jina, tarehe na msimu. Ombi la "taarifa zote za korosho" linakataliwa kwa urahisi. Ukiwa na wiki nane za fildi, barua hii iondoke wiki ya kwanza, kwani ukiipeleka wiki ya tano majibu yatakukuta umesharudi chuo. Ipeleke mkononi, mpokeaji asaini na kugonga muhuri kwenye nakala yako.

5. Watu

Kijijini unaanzia kwa mtendaji au mwenyekiti, unasaini kitabu cha wageni. Ni adabu na ni ulinzi wako pia. Ila fahamu kwamba saa moja baada ya kusaini, kijiji kizima kinajua una kamera. Kwa hiyo mtu aliye hatarini humfuati nyumbani kwake baada ya hapo. Kutana naye siku ya gulio, Newala au Masasi mjini, ambako kila mtu ana sababu ya kuwepo.

Anza na shikamoo, na usiwe na haraka ya kutoa kamera begini. Mzee akizungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao kwa raha zaidi, mwache azungumze lugha yake. Tatizo huwa kwa mkalimani: bibi anaongea dakika mbili, mjukuu anakuambia "anasema waliibiwa." Rekodi yote, kisha mtafute mtu mwingine asiyetoka kijiji kile aitafsiri sentensi kwa sentensi. Kwenye kipindi acha sauti yake isikike, Kiswahili kiandikwe chini.

Hakuna malipo kwa ushuhuda. Nauli ya mtu uliyemwita mjini unaweza kurudisha kiasi kilekile cha basi, ukaandika, na mlezi akajua.

Mpangilio wa mahojiano huenda kutoka nje kuingia ndani: mtaalamu, wakulima, waliowahi kuwa makarani, madereva wa malori, wapagazi wa ghalani, na mwisho viongozi. Wapagazi husahaulika, na ndio wanaojua gunia gani lilifunguliwa usiku. Swali bora kwao ni la kazi: "Siku ya kupakia, nani anafika wa kwanza? Halafu?" Mtu akieleza kazi yake, anakupa mlolongo. Ukimwuliza "Je, kulikuwa na wizi?" anakupa maoni.

6. Picha na sauti

Hapa ndipo habari ya televisheni inapotengana na ya gazeti. Kwa kila dai kuu jiulize mtazamaji ataona nini. Jibu likiwa ni uso wa mtu akiongea tu, bado huna picha ya dai hilo.

Weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, na shata nyingine zinafanya taa za ofisi na za ghalani zipepese kwenye picha. Ghalani kuna giza na mlangoni kuna jua kali, kwa hiyo usimpange mtu mgongo ukiwa mlangoni, isipokuwa unataka awe kivuli. Oktoba na Novemba jua la mchana linasimama utosini na kutia kiza machoni mwa mtu. Piga nje kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Katikati ya siku fanya kazi za nyaraka.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi Mtwara mjini au Lindi, lenzi inashika ukungu kwa joto la nje. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 kabla ya kuitoa. Karibu na bahari, futa chumvi kila jioni kwa kitambaa kikavu laini.

Sauti inaharibu kazi nyingi kuliko picha. Maiki ya kubana iwekwe kifuani, kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na ukingo wa kanga unaosugua. Upepo wa kusi unataka maiki yenye manyoya. Sauti icheze karibu na desibeli -12, isiguse sifuri. Vaa hedifoni muda wote. Msimu wa korosho unagongana na mwanzo wa mvua, na mvua juu ya bati inafuta mahojiano yote, kwa hiyo wingu likionekana anza na maswali matatu ya lazima. Mwisho wa kila mahojiano, wote wanyamaze sekunde 30 urekodi sauti ya mahali penyewe. Mhariri ataitumia kuziba mikato.

Kila kitendo kipige kwa mapana, kati na karibu, na shikilia kila picha sekunde 10 bila kusogeza kamera. Upimaji wa gunia moja unahitaji angalau picha hizi: foleni ya wakulima, gunia likiinuliwa, kioo cha mizani, mkono wa karani ukiandika, namba kwenye stakabadhi, uso wa mkulima akisoma, gunia likiondolewa. Picha ya namba ya mizani na ya namba iliyoandikwa zipigwe kwa mfululizo, gunia lile lile, siku ile ile. Ukichanganya magunia mawili ili ipendeze, umetengeneza ushahidi wa uongo.

Hifadhi: picha ya megabiti 50 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 22.5 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 inakupa chini ya saa tatu. Kila jioni nakili kwenye diski mbili, zikae sehemu mbili tofauti, na usifute kadi mpaka umefungua faili la mwanzo, la kati na la mwisho kwenye nakala zote mbili. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, anza upya. Faili lililoandikwa nusu linaweza kuonekana zima mpaka siku ya kuhariri.

Bandari, mitambo ya gesi na kambi ni maeneo yenye ulinzi, kwa hiyo hupigi bila kibali. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuruka. Kamera ya siri si ya mwanafunzi kuamua. Huzingatiwa pale tu ambapo jambo ni zito kwa umma, njia za wazi zimejaribiwa na kushindikana, na mhariri ameidhinisha kwa maandishi.

7. Kumficha mtu kweli kweli

Kutia ukungu usoni hakutoshi. Kijijini mtu anatambulika kwa mikono, mwendo, pete, baiskeli, mlango wa nyumba, mkorosho ulioinama nyuma yake, na kwa kanga: jina la kanga aliyoivaa jana kisimani linamtaja leo kwenye televisheni. Mpe nguo nyingine ya rangi moja isiyo na maandishi, na mrekodi mahali pasipo pake.

Njia salama ni kumficha tangu kwenye kamera. Mketishe mbele ya ukuta au pazia lenye mwanga, kamera ipime mwanga wa nyuma, yeye awe giza tupu. Jaribu kuongeza mwanga kwenye kompyuta: ukiona pua, rudia. Sauti iliyobadilishwa kwa programu inaweza kurudishwa, hivyo mtu mwingine asome maneno yake yaleyale, na kipindi kiseme hivyo. Zima eneo kwenye simu kabla ya kupiga chochote, kwa sababu faili hubeba mahali lilipozaliwa. Kisha mwonyeshe mwenyewe picha kwenye skrini na umuulize: "Mama, jirani yako akiiona hii, atakujua?" Yeye anajua vitu ambavyo wewe huvioni.

8. Haki ya kujibu

Barua kwa mtuhumiwa iwe na madai mahususi yenye namba: "Stakabadhi 30 za msimu huu zinaonesha jumla ya kilo kadhaa, malipo yanaonesha kilo kadhaa. Tofauti hii inatokana na nini?" Mpe siku 7 hadi 10. Usimpelekee stakabadhi zenyewe wala chochote kinachofichua chanzo. Namba ya stakabadhi ni jina la mtu. Jibu lake litumike kwa uzito wake, hata likiharibu sehemu ya habari. Akileta karatasi inayoeleza tofauti, ikaguliwe kama ulivyokagua za wakulima. Akikataa, kipindi kitaje tarehe uliyopeleka barua na namna alivyojibu au asivyojibu.

Kumvizia mtu mlangoni na kamera inayokimbia kunavutia vijana. Bila barua iliyotangulia, kunamfanya mtuhumiwa aonekane ameonewa.

9. Skripti na siku ya mlezi kubomoa

Andika safu mbili, picha kushoto, sauti kulia. Usikisie urefu kwa idadi ya maneno. Soma kwa sauti ukiwa na saa, kwa mwendo wa kusoma hewani.

Kisha toa nakala na uipe namba kila sentensi. Pembeni ya kila namba andika ushahidi: karatasi gani, ukurasa gani, au faili gani la picha na dakika yake. Mlezi anasoma sentensi, anauliza "unajuaje?", wewe unamwonesha kitu chenyewe. Sentensi isiyo na kitu inafutwa au inapunguzwa: "waliiba" linakuwa "kilo hizi hazikuonekana kwenye malipo." Tenga siku nzima kwa kazi hii, na mhariri wa picha awepo, kwa sababu picha nazo zinadai: ukitaja tofauti ya kilo huku uso wa karani fulani uko kwenye skrini, umemtuhumu, hata kama maneno hayakumtaja. Majina, vyeo, tarehe na kila jumla ya hesabu vikaguliwe na mtu ambaye hakuandika skripti.

Saa ya kurusha ikijulikana, wapigie vyanzo wajue. Siku mbili baadaye wapigie tena, kwa simu isiyo ya kituo, uulize kama kuna aliyewafuata. Kosa likigundulika, lirekebishwe kwenye kipindi kilekile, saa ileile. Picha ghafi, barua zenye mihuri na jedwali vifungwe pamoja kwenye diski yenye nywila, na ile karatasi ya alama na majina ikae peke yake, kwa mtu ambaye wewe na mlezi mmekubaliana kwamba ndiye mwenye kuitunza.